Juma Moja Katika Pwani ya Samawati: Jinsi ya Kuipanga Safari ya Kusini ya Ufaransa

Iko sehemu ya pwani huko kusini ya Ufaransa ambayo jina lake limeenea duniani kote kuwa ni mahali pa matajiri. Wafaransa huiita Côte d'Azur, yaani Pwani ya Samawati, kwa ajili ya rangi ya bahari yake. Jina hilo si la kale sana. Lilitolewa na mwandishi aliyeitwa Stéphen Liégeard katika kitabu alichokitoa mwaka 1887. Humo mna miji ya Nice, Cannes, Antibes na Menton, na katikati yake imo dola ndogo ya Monaco. Ukiyataja majina hayo mbele ya karani au mkulima wa kwetu, jibu la kwanza huwa kicheko: huko ni kwa wenye mashua za fahari, si kwa watu wa mshahara na mazao.

Jibu hilo lina nusu ya ukweli. Anayekwenda huko bila mpango atarudi na madeni, pengine bila hata kuiona bahari vizuri. Lakini anayejipanga aweza kukaa juma moja, akala, akatembea, akaona mambo ambayo wenye mashua hawayaoni kabisa. Kwa wengi wetu hii si safari ya kila mwaka. Ni safari ya mara moja maishani, baada ya kuweka akiba miaka mitatu au minne, labda wakati wa kustaafu, au mume na mke wanapotimiza miaka mingi ya ndoa. Kwa hiyo inafaa ipangwe kama vile mkulima apangavyo shamba: kwanza aujue udongo, halafu majira, halafu mbegu, na mwisho ndipo achukue jembe.

PWANI HII ILIVYOPATA SIFA

Zamani pwani hii ilikuwa ya wavuvi na wakulima wa zeituni. Nyuma yake imesimama milima ya Alps, ambayo huzuia baridi kali ya kaskazini, na kwa hiyo wakati wa Desemba na Januari, Ulaya ya kaskazini inapofunikwa na theluji, huku jua huwaka na malimau huiva mitini. Hilo ndilo lililowavuta wageni. Hawakuja kuoga baharini. Walikuja kuikimbia baridi, na wengi wao walikuwa wagonjwa wa kifua.

Katika mwaka 1834 alipita huko Lord Brougham, Mwingereza mwenye cheo kikubwa, ambaye alikuwa Lord Chancellor wakati bunge la Uingereza lilipopitisha sheria ya kukomesha utumwa mwaka 1833. Alikuwa njiani kwenda Nice, lakini mji huo haukuwa wa Ufaransa wakati huo; ulikuwa chini ya Mfalme wa Sardinia, na mpaka ulifungwa kwa sababu ya ugonjwa wa kipindupindu. Basi Brougham akasimama katika kijiji kidogo cha wavuvi kiitwacho Cannes. Akapapenda, akajenga nyumba, na alifariki huko mwaka 1868. Wakubwa wengine walimfuata, na kijiji kikawa mji. Nice ilipoingia Ufaransa mwaka 1860, reli haikukawia: ilifika Cannes mwaka 1863 na Nice mwaka 1864. Malkia Victoria mwenyewe alikuja Nice mara kadha katika miaka ya 1890.

Lakini msomaji asidhani kwamba pwani hii ilibaki ya wafalme. Mwaka 1936 serikali ya Ufaransa ilipitisha sheria ya kumpa kila mfanyakazi majuma mawili ya likizo yenye malipo, na tiketi za garimoshi zikapunguzwa bei kwa asilimia 40 kwa ajili yao. Hapo ndipo mafundi wa viwandani, makarani na watumishi wa maduka walipoiona bahari kwa mara ya kwanza. Likizo si zawadi ya tajiri tu. Ni haki ya mtu afanyaye kazi. Hapa Kenya pia, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yampa mfanyakazi siku za kazi zisizopungua 21 za likizo yenye malipo baada ya kila miezi 12 ya utumishi. Anayeipanga likizo yake mapema na kumwarifu mkuu wake kwa maandishi, amekwisha vuka mto wa kwanza.

HATI ZA SAFARI

Mto wa pili ni viza. Ufaransa imo katika nchi za Schengen, na mwenye pasipoti ya Kenya hana budi kupata viza kabla ya kuondoka. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na yasipelekwe chini ya siku 15 kabla yake. Kungoja hadi siku za mwisho ni kujitafutia huzuni. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka kumi iliyopita, na muda wake uendelee kwa miezi mitatu zaidi baada ya siku ya kutoka huko. Bima ya safari iwe ya kulipa gharama za matibabu hadi euro 30,000 au zaidi. Ada ya viza kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, nayo hairudishwi hata maombi yakikataliwa.

Jambo ambalo maafisa hulitazama sana ni kama mwombaji atarudi kwao. Basi karani achukue barua ya mwajiri wake inayotaja kazi, mshahara na tarehe za likizo. Mkulima achukue hati ya shamba, stakabadhi za chama cha ushirika zinazoonyesha mauzo ya maziwa, kahawa au majani ya chai, na taarifa za benki za miezi ya karibuni. Aeleze kwa maneno machache na ya kweli kwa nini anasafiri na nani atakayeliangalia shamba. Wako watu mjini wanaouza taarifa za benki za uongo na barua za kazi zisizokuwapo. Anayenunua karatasi hizo hununua hasara mbili: fedha zake zimekwenda, na jina lake limechafuka kwa safari zijazo. Tena mtu asinunue tiketi isiyorudishwa fedha kabla ya kupata viza; ashike nafasi kwanza, alipe baadaye.

Hati zikiwa tayari, njia ya kawaida ni kupanda ndege Nairobi, kubadilisha Paris au katika mji mwingine mkubwa, kisha kuteremka Nice, ambako uwanja wa ndege uko ukingoni mwa bahari kabisa. Pasipoti hukaguliwa katika nchi ya kwanza ya Schengen mnayofika, kwa hiyo tusiache muda mfupi mno kati ya ndege moja na nyingine. Monaco ni dola yenye mfalme wake mdogo, lakini hakuna kituo cha kukagua watu kati yake na Ufaransa.

MAJIRA NA FEDHA

Julai na Agosti ni miezi ya jua kali, watu wengi na bei za juu. Wiki ya tamasha la filamu la Cannes, ambalo lilianza mwaka 1946 na hufanywa mwezi Mei, vyumba vya hoteli huwa haba na ghali. Hali ni hiyo hiyo Monaco wakati wa mashindano ya magari. Kwa mtu wa akiba, majira mazuri ni mwanzo wa Juni na mwezi wa Septemba, ambapo maji ya bahari yana uvuguvugu na watu wamepungua. Apendaye sherehe aende Februari, kwa maana Nice huwa na kanivali yake na Menton huwa na sikukuu ya malimau, lakini achukue sweta na koti.

Kanuni ya kwanza ya kubana gharama ni kukaa mji mmoja tu. Chagua Nice, katika hoteli ndogo isiyo mbali na stesheni, na kila siku toka asubuhi urudi jioni. Garimoshi, ambalo siku hizi lakwenda kwa umeme bila moshi wowote, hufuata ukingo wa bahari na kuunganisha karibu kila mji nitakaoutaja. Kutoka Nice hadi Monaco safari haifiki nusu saa. Kwenda Cannes au Menton ni kama nusu saa au zaidi kidogo. Anayekodi gari atatumia siku zake katika msongamano akitafuta mahali pa kuliegesha.

Kanuni ya pili ni chakula. Kula mlo mkubwa mchana, kwa kuwa hoteli za chakula huwa na sahani ya siku hiyo kwa bei nafuu kuliko ya usiku. Omba maji ya bomba, ambayo ni salama na hutolewa bure pamoja na chakula. Jioni nunua mkate, matunda na jibini sokoni. Na kanuni ya tatu haina bei: ukiingia dukani, salimu kwanza, sema "bonjour", ndipo uulize. Wafaransa, kama sisi, humwona mtu aanzaye na shida yake bila salamu kuwa hakufunzwa kwao. Wengi wanaosema kwamba watu wa huko ni wakali waliingia bila kupiga hodi.

SIKU KWA SIKU

Siku ya kwanza ni ya kufika na kupumzika. Jioni tembea katika barabara ya ufuoni iitwayo Promenade des Anglais, yaani Matembezi ya Waingereza. Ilianza miaka ya 1820, wakati Waingereza waliokaa Nice walipochanga fedha ili maskini waliokosa riziki wapate kibarua cha kutengeneza njia kando ya bahari. Leo ina urefu wa kilomita saba hivi. Usishangae kuona kwamba ufuo wa Nice hauna mchanga bali mawe ya mviringo. Chukua viatu vya mpira. Sehemu zenye viti na miavuli hulipiwa, lakini katikati yake zimo sehemu za bure, na maji ni yale yale. Katika barabara hiyo hiyo, tarehe 14 Julai 2016, watu 86 waliuawa na mtu aliyewaendeshea lori kwa makusudi. Apitaye hapo na apunguze sauti.

Siku ya pili ni ya mji wa kale wa Nice. Anza asubuhi katika soko la Cours Saleya, penye maua, mboga na matunda. Usiende Jumatatu, maana siku hiyo huuzwa vitu vya zamani. Onja socca, chakula cha maskini wa mji huo, ambacho ni kama chapati kubwa ya unga wa dengu na mafuta ya zeituni iliyookwa katika tanuri la kuni. Watu wa Mombasa hawataiona ngeni sana. Halafu panda kilima cha ngome ya zamani uione ghuba yote. Alasiri nenda mtaa wa Cimiez, penye makumbusho ya mchoraji Henri Matisse, aliyefika Nice mwaka 1917 na kufia huko mwaka 1954.

Siku ya tatu elekea mashariki. Teremka kwanza Beaulieu au Villefranche na utembee kwa miguu kulizunguka rasi la Cap Ferrat. Majumba utakayoyaona juu ya njia ni miongoni mwa yale ya thamani kubwa kabisa duniani. Hapo ndipo Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji alipojinunulia ardhi nyingi na bustani, katika miaka ile ile ambayo watu wa Congo walilazimishwa kuvuna mpira kwa ajili yake. Mbele zaidi, huko Roquebrune-Cap-Martin, Mobutu Sese Seko aliyeitawala Congo tangu 1965 hadi 1997 naye alikuwa na jumba lake. Msomaji wa Afrika Mashariki na Congo ana haki ya kuyatazama majumba hayo kwa macho ya mtu ajuaye yalikotoka baadhi ya matofali.

Kisha ingia Monaco, nchi yenye eneo la kilomita za mraba mbili hivi. Zamani ilitegemea sana ushuru wa malimau na zeituni za Menton na Roquebrune. Ushuru ulipozidi, watu wa miji hiyo walijitenga mwaka 1848, na mwaka 1861 haki juu ya miji hiyo ziliuzwa kwa Ufaransa kwa faranga milioni nne. Mfalme aliyebaki bila mashamba ndipo alipotegemea nyumba ya kamari. Nyumba hiyo ya Monte Carlo ni nzuri kuitazama kwa nje, lakini kumbuka jambo moja: raia wa Monaco wenyewe wamekatazwa kucheza kamari humo. Mwenye duka asiyekula bidhaa yake anajua kilichomo. Fedha yako ipeleke kwenye Makumbusho ya Bahari, yaliyofunguliwa mwaka 1910.

Siku ya nne ni ya Menton, mji wa mwisho kabla ya Italia. Mkulima atapenda kuona jinsi milima ilivyokatwa matuta yaliyozuiwa kwa kuta za mawe yasiyotiwa saruji, ili udongo usichukuliwe na mvua, na malimau yapandwe juu yake. Watu wa Machakos na Taita wataijua kazi hiyo wakiiona.

Siku ya tano nenda Cannes, lakini usikae sana mbele ya hoteli kubwa. Panda mashua bandarini. Kisiwa cha Sainte-Marguerite kina ngome alimofungwa, tangu 1687 hadi 1698, yule mfungwa asiyejulikana kwa hakika hata leo, ambaye uso wake ulifichwa. Kisiwa cha pili, Saint-Honorat, kilianza kukaliwa na watawa wa Kikristo katika karne ya 5, na watawa wa sasa hulima mizabibu kwa mikono yao.

Siku ya sita ina njia mbili. Mkulima wa maua apande hadi Grasse, mji wa manukato ulio juu ya Cannes. Mji huo ulikuwa wa watengenezaji wa ngozi, nao walianza kutia harufu nzuri katika glavu ili kuondoa uvundo wa ngozi. Mwishowe harufu ikashinda ngozi. Huko mawaridi huchumwa Mei, na asumini huchumwa alfajiri kuanzia Agosti, na kilo moja yake yataka maua maelfu. Lakini jambo la kujifunza ni hili: bei ya ardhi ilipopanda, wakulima wengi waliuza mashamba yakajengwa nyumba, na viwanda vikanunua maua kutoka nchi nyingine. Mwaka 2018 ujuzi wa Grasse uliandikwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu, na baadhi ya mashamba yamefufuliwa. Ujuzi ulihifadhiwa, ardhi iliyokwisha kujengwa hairudi.

Njia ya pili ni ya magharibi, hadi Saint-Raphaël na Fréjus, safari ya kama saa moja kwa garimoshi. Watalii wengi hawaijui, nami ningesema ndiyo siku iliyo bora kuliko zote. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, askari Waafrika wa Ufaransa waliletwa katika makambi ya Fréjus wakati wa baridi, kwa kuwa theluji ya mstari wa mbele iliwaua. Wengi walikufa hata hivyo kwa magonjwa ya kifua. Baada ya vita, karibu na mwaka 1930, ulijengwa msikiti uitwao Missiri kwa mfano wa ule wa Djenné katika Mali, ukapakwa rangi ya udongo mwekundu, ili askari wapate kukumbuka kwao. Sasa hautumiki kwa sala, bali umesimama kati ya misonobari. Na huko Boulouris, karibu na Saint-Raphaël, yako makaburi 464 ya askari wa jeshi la Ufaransa waliokufa katika kuikomboa pwani hii tangu tarehe 15 Agosti 1944. Misalaba ya Wakristo na mawe ya Waislamu imesimama safu moja, maana sehemu kubwa ya jeshi lile ilitoka Afrika. Sisi ambao babu zetu walipigana katika King's African Rifles huko Ethiopia na Burma hatuwezi kupita hapo kama wageni watupu.

Siku ya saba ni ya kufunga mizigo. Nunua zawadi ndogo, sabuni au mafuta ya zeituni, na uwahi uwanjani.

FAIDA YA SAFARI

Mtu aweza kuuliza: fedha hizi zote, faida yake nini? Tembea uone, walisema wazee. Lakini kuna faida moja inayoweza kuletwa nyumbani bila kulipiwa ushuru. Katika Ufaransa, sheria ya mwaka 1976 humpa mtembea kwa miguu haki ya kupita katika ukanda wa mita tatu wa ardhi ya watu binafsi iliyopakana na bahari. Ndiyo maana mtu asiye na kitu aweza kupita chini ya majumba ya Cap Ferrat na Cap Martin, mkate mkononi, na hakuna mlinzi wa kumfukuza. Ziko sehemu wenye mali waliposhindana na sheria hiyo, hata hivyo njia ipo na watu huipita. Nchi yoyote yenye pwani nzuri, na yetu ni mojawapo, itapata wageni, na wageni wataleta fedha, na fedha zitaleta kuta. Anayetaka wajukuu wake waijue bahari na atengeneze njia mapema, kabla ya kuta kujengwa.

Basi, msomaji, ikiwa safari hii imekuvutia, chukua daftari leo. Andika mwezi, andika akiba ya kila mwezi, andika hati zinazokosekana. Haba na haba hujaza kibaba. Na fedha zikifika nusu tu, usikope. Ongeza mwaka mmoja. Bahari itakungoja.